Kupanga leva za breki na vibadili gia kwenye usukani wa haibridi: anza na mkono wako

Baiskeli nyingi za haibridi hufika kwa mwenyewe leva za breki zikiwa zimefungwa popote pale zilipokaa vizuri kwa fundi. Aliyeiunganisha alikuwa na maboksi mengine yakimsubiri. Alikaza bolti, akabana leva kuona kama gurudumu linashika, akaipitisha. Hakuujua urefu wa vidole vyako wala upana wa mabega yako. Wengi wetu huichukua hali hiyo kana kwamba ndivyo baiskeli ilivyoumbwa, tukaanza kuuzoesha mwili.

Mimi nilikaa miezi minne na ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, mkono wa kulia. Nikanunua glavu zenye sponji. Nikabadili mipira ya kushikia. Nikasogeza kiti mbele, nikakirudisha nyuma. Siku moja nimesimama kwenye taa nyekundu nikaitazama mikono yangu kwa mara ya kwanza: leva zilikuwa zimelala karibu sambamba na ardhi, na ili nizifikie nilikuwa nimeukunja mkono kwa nyuma kama mtu anayesukuma ukuta. Nilipofika nikalegeza bolti mbili, nikazishusha leva, nikakaza. Kazi nzima haikufika dakika tano, na baada ya wiki mbili ganzi ilikuwa imekwisha.

Mwongozo huu ni wa usukani ulionyooka, ule wa haibridi: baiskeli yenye usukani kama wa milimani na magurudumu membamba kuliko ya milimani. Utaratibu nitakaoufuata ni mmoja, na usiuruke: mwili kwanza, kisha breki, kisha gia, halafu ndiyo kengele, taa na kishikio cha simu vigombee nafasi iliyobaki. Watu wengi hupanga kinyumenyume. Kengele inakaa mahali pazuri, leva inasukumwa pembeni.

Vya kuwa navyo

Spana za L zenye ncha ya pembe sita. Bolti za leva za breki kwa kawaida huchukua ya milimita 4 au 5, za vibadili gia vivyo hivyo, na ile skrubu ndogo ya kusogeza leva karibu na usukani mara nyingi hutaka ya milimita 2 au 2.5, au bisibisi ndogo ya nyota. Uwe na utepe wa kupimia, selotepu ya karatasi na kalamu. Spana ya kupima nguvu ya kukaza ni nzuri sana kuwa nayo, na kama usukani wako ni wa kaboni basi ni lazima.

Kabla ya kulegeza chochote, piga picha tatu: upande wa kushoto, upande wa kulia, na kutoka juu. Kisha bandika kipande cha selotepu kando ya kila kibano na uchore mstari mahali kilipo. Ukipotea njia, utarudi ulikoanzia. Nilidharau hatua hii mara moja tu.

Mwili kwanza

Hakuna maana ya kupanga leva wakati kiti bado hakijakaa sawa. Ukipandisha kiti sentimita 2 kesho, mwili utainama zaidi, mikono itaushukia usukani kwa pembe nyingine, na leva ulizozipanga leo zitakuwa na makosa. Kwa hiyo maliza kwanza habari ya urefu wa kiti, kiti kwenda mbele au nyuma, na kimo cha usukani.

Halafu usukani wenyewe. Usukani unaoitwa ulionyooka haujanyooka kabisa. Ncha zake hupinda kidogo kumwelekea mpandaji. Ukiuzungusha ndani ya shingo yake, kile kipande kinachoushikilia katikati, mpindo huo hutazama juu au chini, na viganja hufuata. Simama mbele ya baiskeli, chuchumaa, tazama: ncha zinapaswa kurudi nyuma, zikielekea juu kidogo tu au zisielekee popote. Zikitazama ardhini, viganja vitateleza kwenda nje. Ukilegeza bolti za shingo ili kuuzungusha, zikaze tena kwa zamu, kidogo hapa, kidogo kule, kwa mtindo wa msalaba, mpaka mianya ya juu na ya chini ya kifuniko ilingane (isipokuwa kama mtengenezaji ameandika kwamba mwanya mmoja ufungwe kabisa). Kiasi cha kukaza mara nyingi kimechapwa kwenye shingo yenyewe.

Ukimaliza hapo, usukani usiuguse tena. Kila pembe utakayoipima kuanzia sasa inautegemea.

Kufungua njia

Tazama kibano cha leva yako. Kama kina bawaba au bolti mbili, kinafunguka na unaweza kukiondoa bila kugusa kitu kingine. Kama ni pete iliyofumba yenye bolti moja, kitasogea kwa kuteleza tu, na ukitaka kibadilishane nafasi na kibadili gia itabidi mpira wa kushikia utoke kwanza.

Mpira wenye bolti kwenye pete yake ni rahisi: legeza, vuta. Ule usio na bolti ndio unaotoa watu jasho. Usiukate kwa kisu kama bado unauhitaji. Penyeza kijiti chembamba kisicho na makali kati ya mpira na usukani, dondosha spiriti kidogo ndani, zungusha kijiti pande zote, kisha usokote mpira huku ukivuta. Spiriti ikikauka, mpira hushika upya kama zamani. Maji ya sabuni hufanya kazi pia, ila husubirisha. Usiende nayo barabarani siku hiyo hiyo. Mafuta usiyaguse kabisa. Mpira uliopakwa mafuta huzunguka mkononi kama kishikio cha mafuta cha pikipiki, na huo ni mwanzo wa kuanguka.

Sasa legeza vibano vya breki na gia, si kuvifungua. Viwe vinasogea ukivisukuma kwa nguvu ya vidole na vinabaki unapoviacha. Kikilegea mno, kila unapopanda kujaribu kitaning'inia na hutajua ulikuwa wapi.

Leva ikae wapi: karibu au mbali na ncha

Hapa ndipo penye faida kubwa na ndipo wengi hawagusi. Wanageuza leva juu na chini lakini hawaisogezi kuelekea katikati ya usukani, kwa kuwa waliikuta imebanana na mpira wa kushikia na wakaamini ndipo mahali pake.

Egemeza baiskeli ukutani, panda, vaa viatu na glavu unazovaa siku zote. Fumba macho, nyanyua mikono, iachie itue kwenye usukani yenyewe. Usitafute leva. Mahali viganja vilipotua ndipo vinapotaka kukaa. Fumbua macho uone. Wengine hushika hadi ukingoni kabisa, wengine huacha sentimita 2 nje. Rudia mara tatu, na kama unatua palepale, weka alama ya selotepu mahali penye ukingo wa ndani wa mkono, upande wa kidole gumba.

Bila kuhamisha kiganja, nyoosha kidole cha shahada mbele. Kama breki zako ni za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya, kidole hicho kimoja kinatosha kusimamisha baiskeli, na kinapaswa kutua kwenye kile kijikunjo karibu na ncha ya leva, pale mtengenezaji alipopinda chuma ili kidole kisiteleze. Isogeze leva ndani mpaka kijikunjo kikifuate kidole. Kidole kisikifuate kijikunjo. Kwenye baiskeli nyingi hii huacha pengo la sentimita 2 hadi 4 kati ya mpira na kibano cha breki, na mara ya kwanza utaona kama kuna kitu kimekosewa. Hakijakosewa.

Kama breki zako ni za waya, ziwe za kubana ringi au za disiki, panga kwa vidole viwili: cha kati kwenye kijikunjo, cha shahada kando yake kwa ndani. Maana yake leva itakaa nje zaidi kwa upana wa kidole kimoja hivi kuliko ile ya haidroliki.

Sababu ni ile ile ya mlango. Ukiusukuma mlango karibu na bawaba unatoka jasho. Ukiusukuma karibu na kitasa unafunguka kwa kidole. Leva nayo ina bawaba yake, kile kipini kilicho karibu na kibano. Tuseme ncha ya leva iko sentimita 8 kutoka kwenye kipini, na wewe unabania sentimita 5 kwa sababu leva iko nje mno. Kupata breki ile ile unahitaji nguvu mara 1.6 ya ile ambayo ungetumia nchani. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo utaihisi kwenye kigasha kabla hujafika chini, na ukishuka utailaumu breki.

Kuna faida ya pili. Leva ndefu iliyokaa nje, ukiibana kwa kidole kimoja, ncha yake inakuja kuvibana vidole vitatu vilivyobaki kwenye mpira. Wengi wamezoea kubanwa hivyo na wanadhani ndipo breki ilipoishia. Kumbe leva ilikuwa bado ina safari ya kwenda.

Mpaka wa kusogea ndani utauona mwenyewe: sehemu nyembamba ya usukani, yenye kipenyo cha milimita 22.2, huishia pale chuma kinapoanza kunenepa kukutana na shingo. Kibano cha leva hakipandi pale. Usikilazimishe.

Ukiridhika na upande mmoja, pima kwa utepe kutoka ncha ya usukani hadi ukingo wa kibano, uuhamishie upande wa pili. Milimita 2 za tofauti hutazisikia. Lakini kama mkono mmoja uliwahi kuvunjika, au vidole vyake vina ugumu, usilazimishe ulinganifu. Baiskeli isiyolingana lakini isiyouma ni bora.

Pembe: juu, chini, au katikati

Swali ni moja: ukikaa kama unavyokaa siku zote na kidole kikiwa juu ya leva, je, kigasha, kifundo cha mkono na mgongo wa kiganja viko kwenye mstari mmoja? Mwenyewe huwezi kuona vizuri, maana ukiinama kutazama umeshabadilisha mkao. Mwombe mtu akupige picha kutoka ubavuni, simu ikiwa kwenye kimo cha usukani. Kama huna mtu, egemeza simu kwenye kiti cha nyumbani na uweke kipima muda.

Anzia na leva ikishuka nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, kisha uinyanyue taratibu. Wengi wa haibridi huishia kati ya nyuzi 30 na 45. Usukani wako ukiwa juu na unakaa wima, mikono inaufikia ikiwa imelala zaidi, kwa hiyo leva nayo ilale zaidi. Usukani ukiwa chini na mwili umeinama, kigasha kinashuka kwa kasi na leva inafuata. Ndiyo maana kunakili pembe ya baiskeli ya jirani hakusaidii kitu.

Leva iliyolala mno hukunja kifundo kuelekea nyuma. Uzito wa kifua unatua kwenye kitako cha kiganja, na hapo ndipo neva zinapopita. Ganzi ikija kwenye kidole kidogo na cha pete, neva inayogandamizwa ni ile ya upande wa nje wa kiganja. Ikija kwenye gumba, cha shahada na cha kati, ni ile inayopita katikati ya kifundo. Leva iliyoshuka mno ina ubaya mwingine: kifundo kinakunjika kwenda mbele, na ukibana kwa nguvu gumba linaanza kuachia usukani. Hili la pili ni la hatari kuliko maumivu, kwa sababu hutokea wakati ule ule unapohitaji kushika kwa nguvu. (Ganzi isiyoondoka wiki kadhaa baada ya marekebisho ipelekee daktari, bolti haitakusaidia hapo.)

Kama njia zako zina miteremko mikali na huwa unasimama juu ya pedali na kurudisha makalio nyuma, inyanyue leva kidogo kuliko picha ya ubavuni inavyotaka, maana mwili ukirudi nyuma mikono inalala. Mtu wa mjini anayekaa kwenye kiti safari nzima hana haja hiyo.

Kulinganisha pembe za pande mbili, weka simu yenye programu ya kupima usawa juu ya kila leva na usome nyuzi. Rula ndefu ikilazwa juu ya leva zote mbili kwa pamoja hufanya kazi hiyo hiyo: ikigusa zote bila kuyumba, ziko sawa.

Leva iwe karibu kiasi gani na usukani

Leva nyingi za kisasa zina skrubu ndogo ya kuisogeza leva karibu na usukani au kuipeleka mbali. Itafute karibu na kipini, mara nyingi kwa ndani, upande unaotazama usukani. Mwenye vidole vifupi asipoigusa huwa anabana breki kwa ncha ya kucha tu.

Kipimo chake ni hiki: kidole kikitulia juu ya leva isiyobanwa, kiungo chake cha kwanza kutoka nchani kiizunguke leva. Kisha bana mpaka breki ishike kabisa. Hapo leva iwe bado mbali na mpira, na vidole viwe vimekunjika katikati, mahali mkono unapokuwa na nguvu zaidi. Jaribu kukunja ngumi ukiwa umenyoosha vidole kabisa, halafu ukiwa umevikunja nusu. Utaona tofauti.

Kwenye breki za waya skrubu hii ina ujanja wake. Ukiikaza inaisukuma leva kuelekea usukani, na leva inavuta waya, kwa hiyo pedi zinasogelea ringi au disiki. Gurudumu likianza kukwaruza, legeza waya kwa kuingiza ndani ile nati ya kurekebishia iliyo mahali waya unapoingia kwenye leva. Na kumbuka umepunguza safari ya leva: ukiisogeza karibu mno, itagonga mpira kabla breki haijashika. Mimi nilimfanyia jamaa yangu hivyo, nikamrudishia baiskeli kwa fahari, akaenda hatua kumi na kurudi akiisukuma kwa mkono. Breki ya nyuma ilikuwa inabana mpira wa kushikia, siyo gurudumu.

Rekebisha umbali huu baada ya nafasi na pembe, usitangulie. Ukishaumaliza, rudi uangalie pembe mara moja tena, kwani kidole kimehama kidogo.

Sasa gia

Kibadili gia ni mgeni kwenye nyumba ya breki. Kinapewa nafasi iliyobaki, na habari njema ni kwamba gumba lina uvumilivu kuliko kidole cha shahada.

Kama breki na gia ni kifaa kimoja kilichoungana, kama ilivyo kwenye haibridi nyingi za bei ya chini, huna cha kuchagua: kila ukigeuza breki, gia inageuka nayo. Panga breki, kisha uone kama gumba linafika. Lisipofika, isogeze yote nje milimita chache, ukubali hasara ndogo upande wa breki. Hapo ndipo pekee nitakapokuruhusu kuipunja breki.

Vikiwa viwili tofauti vya kubonyeza, mpangilio wa kawaida kutoka nje kwenda ndani ni mpira, breki, gia. Ila umeshaisogeza breki ndani, na sasa kibadili gia kimesukumwa mbali mpaka gumba halikifikii bila kiganja kuhama. Jaribu kuugeuza mpangilio: kibano cha gia kiingie kati ya mpira na kibano cha breki, kwenye lile pengo la sentimita 2 hadi 4. Mwili wa kibadili unajificha chini ya leva na vibonyezo vinakuja mpaka chini ya gumba. Si kila muundo unakubali. Kwenye baadhi, mwili wa kibadili unagongana na kibano cha breki. Ila ukikubali, utajiuliza kwa nini hukufanya hivi mapema. Pande zote mbili zipangwe namna moja, hata kama kibadili cha kushoto hukigusi kwa wiki nzima.

Pembe ya kibadili gia ichunguze hivi. Kaa, shika, na uweke gumba kwenye kibonyezo kikubwa. Kibonyeze mpaka mwisho, hata hatua mbili au tatu kwa mpigo kama kinaruhusu. Kiganja kibaki palepale. Kama kitako cha kiganja kimenyanyuka, kibadili kiko mbali au kimeinamia mbele mno. Kisha kile kibonyezo kidogo: kwenye mifumo mingine kinavutwa na kidole cha shahada, kwenye mingine kinasukumwa na gumba, na mingine inakubali vyote. Kama chako ni cha kidole cha shahada, hakikisha kidole kinashuka kutoka kwenye leva ya breki na kurudi bila kupotea njia.

Halafu ufanye jaribio ambalo watu husahau. Bana breki mpaka mwisho, kwa nguvu zote, ukiangalia kwa karibu upande wa chini wa leva. Je, inagusa kibonyezo au mwili wa gia? Sasa endelea kubana na ubadili gia zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Vibonyezo hujitokeza zaidi vikiwa vinasukumwa, kwa hiyo leva inayopita salama ukiwa umetulia inaweza kukwama ukiwa unabadili gia huku unapunguza mwendo, jambo unalolifanya kila unapokaribia kona. Ikigusa hata kwa unywele, zungusha kibadili gia nyuzi chache mbali na leva.

Dirisha dogo linaloonyesha namba ya gia liwe la mwisho kufikiriwa. Nimeona watu wakipindua gumba lote ili wasome namba. Baada ya mwezi mmoja unaijua gia kwa miguu.

Gia za kuzungusha zina sheria zake. Zenyewe ni sehemu ya mahali pa kushikia, kwa hiyo hutangulia mara baada ya mpira mfupi, na breki hufuata kwa ndani. Acha nafasi ndogo, kama unene wa kadi, kati ya mpira na sehemu inayozunguka. Ukiubana mpira dhidi yake, gia inakuwa nzito na unaweza kuilaumu bure direla ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha mnyororo. Na kwa kuwa gia imechukua upana wa vidole viwili, leva ndefu ya vidole viwili au vitatu hufaa zaidi hapa kuliko fupi ya kidole kimoja.

Kukaza

Kiasi cha kukaza kimeandikwa kwenye kitabu cha kifaa, na mara nyingi kwenye kibano chenyewe. Vibadili gia vingi hutaka karibu nyutoni mita 5. Vibano vya breki hutofautiana zaidi, vingine chini ya hapo na vingine hadi 8. Kwa kaboni fuata namba ya chini kati ya ile ya usukani na ile ya kibano.

Usiyenacho kipimo, tumia mkono mfupi wa spana ya L na vidole viwili na gumba, si ngumi nzima. Kisha jaribu: sukuma ncha ya leva kuelekea chini kwa kiganja, kwa nguvu kama ya kufunga droo ngumu. Isisogee. Lakini isiwe imekazwa kiasi kwamba hata nyundo haiigeuzi. Siku baiskeli itakapoanguka, leva inayoweza kuzunguka kidogo kwenye usukani itazunguka na kusalimika. Iliyokazwa kufa itavunjika. Kibano chenye bolti mbili kikazwe kwa zamu, mianya ikilingana.

Rudisha mipira ya kushikia mahali pake. Kama ni ile yenye bawa pana la kuegemeza kiganja, ipange sasa, siyo kabla, na bawa lifuate mstari ule ule wa kigasha. Bawa lililoinuka mno litakunja kifundo upya na kuharibu kila ulichofanya kwenye pembe ya leva.

Nyaya, kisha barabarani

Leva iliyohama imehamisha na waya wake. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Ganda la waya au bomba la haidroliki lisivutike kama kamba ya nguo wala kupindika kwa kona kali. Geuza tena ukiwa umenyanyua gurudumu la nyuma, pedali zikizunguka: gia ikiruka yenyewe unapokata kona, ganda la waya wa gia ni fupi mno kwa nafasi mpya na itabidi libadilishwe. Gia zikianza kusita bila hata kukata kona, mara nyingi nusu zungusho la nati ya kurekebishia inatosha.

Kwenye haidroliki, kama ulilazimika kuigeuza leva juu chini au baiskeli ilipinduliwa, bana leva mara kumi ikiwa imekaa sawasawa. Ikibaki laini kama sponji, kuna hewa kwenye mafuta na inataka kutolewa kabla ya kutoka. Na usibane leva ya haidroliki gurudumu likiwa nje bila kuweka kipande cha plastiki kati ya pedi. Zitakutana na itakuwa kazi nyingine.

Ukiwa bado chini, shika breki ya mbele na usukume baiskeli: gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Shika ya nyuma: gurudumu liburuzike. Hakikisha na ni leva ipi inayoshika gurudumu lipi, hasa kama ulivitoa vifaa vyote. Uingereza leva ya kulia ndiyo ya mbele, Marekani ni ya kushoto, na baiskeli husafiri kuliko sheria.

Kisha panda mahali pa wazi, polepole, usimame mara tano kwa breki zote mbili, kila mara kwa nguvu zaidi. Beba spana mfukoni safari tatu za kwanza. Utahama milimita 3 huku, nyuzi 5 kule, mara nyingine katikati ya njia. Selotepu usiibandue mpaka upite siku mbili nzima bila kuigusa spana.